Bi Umejuaje Anaondoka, Makundi Hayafungwi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili alasiri, mwalimu wetu wa Kiingereza atarudisha ufunguo wa chumba namba tisa baada ya kukitumikia chuo hiki cha ufundi kwa miaka thelathini na minne, miezi mitano na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni ya faili lake. Yeye mwenyewe husema ni miaka thelathini na mitatu, maana mwaka mmoja uliliwa na vikao.

Mimi ofisa mitihani niliombwa nimwandikie ukurasa mmoja katika jarida letu la wafanyakazi. Niliombwa pia, kwa maandishi, nizingatie "mambo chanya" na nisiguse suala la makundi ya kusoma ya mtandaoni, kwa kuwa "linashughulikiwa". Ombi hilo nimelisoma mara mbili. Bahati mbaya kwa walioliandika, jarida hili nalihariri mimi, na kurasa za katikati zilikuwa tupu. Wasifu wa mwalimu huyu bila makundi ni shati bila mgongo. Kwa hiyo nitayagusa, tena kwa mikono miwili, na anayetaka mambo chanya asome mpaka mwisho.

Alifika hapa akiwa binti wa miaka ishirini na mitano, kufundisha upigaji chapa. Wazee wa chuo wanamkumbuka akipita katikati ya mashine kumi na nane huku ameshika kitambaa cheusi, akifunika mikono ya mwanafunzi yeyote aliyethubutu kuangalia vidole vyake. Mashine zilipopelekwa stoo kupisha kompyuta, ofisi ya wakati ule ilitafuta pa kumweka, ikaona somo la Kiingereza halina mwenyewe. Lilikuwa somo kiraka. Wachomeleaji walilitumia kusinzia, mafundi umeme walilitumia kumalizia michoro yao, na walimu walilikimbia kama zamu ya Jumapili. Aliambiwa alishike kwa muda. Muda huo umechukua miaka ishirini na saba.

Alichokikuta kilimkasirisha, na hasira yake haijapoa hadi leo. Karatasi ya ufahamu, ile ya kusoma habari ya Kiingereza na kujibu maswali, ndiyo iliyokuwa komeo la mlango. Usipoifaulu, cheti hupati, hata kama unaunganisha mabomba ukiwa umefumba macho. Kila mwaka chuo hupokea wanafunzi mia moja ishirini na nne. Mwaka mmoja waliofaulu karatasi hiyo walikuwa hamsini na mmoja. Mafundi wenye mikono ya dhahabu walirudi nyumbani na kuwaambia wazazi wao kwamba wanarudia mwaka kwa sababu ya habari ya ukurasa mmoja na nusu. Kwenye kikao cha walimu tulisema vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Yeye akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kuwaona wakisoma wanapokuwa huko nje, na sote tukaangalia saa.

Nusu ya mwaka, kwa kweli, wanafunzi wetu hawapo chuoni. Wako kwenye mazoezi ya kazini: huyu chini ya gari, yule juu ya paa, mwingine nyuma ya cherehani katika mji ambao basi hufika mara mbili kwa wiki. Wakirudi, Kiingereza kimeshawatoka pamoja na jasho. Miaka minane iliyopita mwalimu aliamua kuwafuata huko huko waliko, kwa simu. Aliwagawa wanne wanne wakawa makundi thelathini na moja, na kila kundi akalichanganya kwa makusudi: mchomeleaji, mshonaji, fundi umeme, fundi bomba. Kila Jumatatu asubuhi alichukua habari moja ya Kiingereza, akaikata vipande vinne kwa mkasi, akavipiga picha, na kila mwanafunzi akatumiwa kipande chake peke yake. Kumrushia mwenzako ile picha ilikuwa mwiko. Ulisoma aya yako, ukaielewa, kisha ukawaeleza wenzako kwenye kundi kwa maneno yako mwenyewe, kwa Kiingereza ukiweza, kwa Kiswahili ukikwama, mpaka wote wanne muwe na habari nzima. Jumamosi kila mtu alijibu maswali peke yake. Alama ya kundi zima ilikuwa alama ya yule aliyepata chache kuliko wote.

Sheria hiyo ya mwisho iliwauma wengi. Mwanafunzi bora wa umeme alikuja ofisini kwangu na malalamiko ya haki kabisa: yeye alipata tisa, mwenzao wa bomba alipata tatu, na kundi zima likaandikiwa tatu. Nilikubaliana naye, nikampeleka chumba namba tisa nikiwa nimejaa hoja. Mwalimu alitusikiliza mpaka tukaishiwa, akamtazama kijana na kumwambia, "Basi mfundishe." Tukatoka. Kwenye korido kijana akaniuliza kama nina hoja nyingine.

Kulikuwa na sheria nyingine ambayo hatukuitilia maanani. Kila kundi la simu lina msimamizi wake, admini kama tunavyomwita, ndiye anayeweza kuingiza mtu, kumtoa mtu au kulifunga. Tulidhani ni mwalimu. Kumbe yeye alishajiondoa kwenye cheo hicho siku ya kwanza, na uadmini akampa yule mwenye alama za chini kuliko wote katika kila kundi. Nilipokuja kumuuliza sababu, alinijibu kwamba asiyejua kusoma ndiye wa kwanza kunyamaza, na akishanyamaza hujitoa pole pole bila mtu kugundua. Mpe ufunguo wa nyumba, alisema, uone kama atatoroka.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana bila hiyo wasifu huu ni wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka ule ule wa kwanza kulikuwa na jaribio la katikati ya mwaka. Wanafunzi walisoma habari kwenye makundi wiki nzima huko kazini kwao, kisha wakaitwa chuoni kujibu kwa kichwa, bila karatasi ya habari mbele yao. Habari yenyewe ilikuwa ya mwoka mikate. Kiwanda chao kidogo kinajaa moshi, wafanyakazi wanatoka nje, na yeye akiwa ameshafika barabarani anageuka na kurudi ndani mbio. Swali la sita liliuliza kwa nini alirudi. Jibu lilikuwa kwenye mistari mitatu ya mwisho ya aya ya tatu: mwenzake alikuwa amelala kwenye chumba cha unga na hakusikia kelele. Wanafunzi wanne wa kundi la kumi na saba waliandika, wote wanne, kwamba alirudi kuchukua glavu zake.

Niliwasimamia mwenyewe ukumbini siku ile. Kila kundi nililitawanya pembe nne, mmoja kila pembe, na hakuna aliyegeuza shingo. Kama hawakuibiana mle ndani, nikajiambia, basi majibu yalivuja kabla, na yangevuja kutoka wapi kama si kwenye simu ya mwalimu? Nikachukua wino wangu mwekundu. Niliandika barua ya kurasa mbili kwa mkuu wa chuo wa wakati ule, nikapendekeza wanne wale warudie mwaka, na mwalimu aondolewe darasani. Niliandika pia, na sentensi hiyo naikumbuka kuliko ninavyopenda, kwamba mwanafunzi mshonaji wa kundi lile "hana uwezo wa kufikiri bila kunakili". Barua ilinichukua siku tatu. Katika siku hizo hizo mwalimu alitumia asubuhi moja kwenda kwenye karakana ya ushonaji na kumuuliza binti mwenyewe.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano, kile chenye meza ndefu ambayo mguu wake mmoja umewekewa kitabu. Nilisoma barua yangu kwa sauti nzuri. Mwalimu hakubishana. Aliniuliza tu, "Umejuaje kwamba walipewa majibu?" Nikasema yanafanana. "Umejuaje kwamba kufanana ni kuiba?" Nikasema uzoefu. Akaomba habari ile isomwe yote, neno kwa neno, kisha akaniomba nimwonyeshe mahali palipotajwa glavu. Nilitafuta. Nikageuza karatasi nikatafuta nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Glavu hazikuwemo popote. "Mimi ndiye niliyetunga maswali," akasema, "jibu sahihi ninalo. Sasa mwizi gani huyu, anaacha jibu zuri anaiba bovu?" Karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika.

Kisha binti mshonaji aliitwa. Aliingia na utepe wa kupimia bado uko shingoni, kwa hofu alisahau kuuvua. Simu yake iliwekwa mezani: kioo kilikuwa kimepasuka, na theluthi yake ya chini ilikuwa imekufa, nyeusi tii. Mkuu wa chuo akafungua ile picha ya aya ya tatu, kipande alichotumiwa binti, akaisogeza mbali na macho kama watu wa umri wetu tunavyofanya, akasoma mpaka kwenye nukta, akasema, "Imeishia hapa." Mwalimu akamjibu, "Na yeye ilimwishia hapo hapo."

Mstari wa mwisho aliouona binti yule uliishia kwenye nukta, kwa hiyo aliamini aya imekwisha. Alipoulizwa glavu zilitoka wapi, alijibu kwa sauti ndogo, "Mwanzo wa aya wamesema aliungua kiganja akishika sinia. Sisi kwenye ushonaji, sindano ikikudunga unarudi kuchukua subana ya kukinga kidole. Nikaona na yeye atakuwa karudi kwa sababu kama hiyo." Wenzake watatu walimwamini, wakaibeba glavu yake mpaka ukumbini, kila mmoja kwenye pembe yake.

Nilitamani sakafu inimeze. Yule niliyemwandika kwamba hafikiri alikuwa amefikiri kuliko mimi. Alichukua alichonacho, akakipima kwa kazi yake, akafika mahali penye akili ingawa si penyewe. Mimi nilikuwa na habari nzima mkononi, na kioo changu hakikupasuka.

Hapo ndipo nilipotarajia mwalimu atanimaliza, na alikuwa na haki. Badala yake alisema kosa ni lake. Watatu wale hawakumuuliza mwenzao amejuaje, na hawakuuliza kwa sababu yeye hakuwafundisha kuuliza. Tangu wiki ile likawa sharti: ukielezwa aya na mwenzako, kabla ya kushukuru, uliza "umejuaje?", naye akutajie mstari. Jina lake la sasa lilianzia kwenye kikao hicho. Karani alilitoa nje pamoja na kumbukumbu, na kufikia saa ya chai chuo kizima kilikuwa kikimwita Bi Umejuaje.

Mashtaka yalifutwa, lakini kikao hakikutaka kuonekana kimekaa bure. Kikaamua kwamba makundi yameleta utata na yafungwe siku ile ile. Mwalimu alifungua mkoba, akatoa simu yake, akaiweka mbele ya mkuu wa chuo na kusema, "Haya, fungeni." Mkuu akabonyeza, akabonyeza tena, akamwita mwalimu wa kompyuta, naye akabonyeza. Mwalimu wa kompyuta ndiye aliyetoboa siri: simu hii haina mamlaka juu ya kundi lolote. Mamlaka wanayo wanafunzi thelathini na mmoja, walio wadhaifu kuliko wote, waliotawanyika kwenye karakana na majengo, na ili kuyafunga makundi itabidi wapigiwe mmoja mmoja.

Wakaanza kuwapigia, na mimi nilikuwepo. Wa kwanza alikuwa mchomeleaji ambaye wenzake humwita Cheche, na sauti yake ilitoka ndani ya tangi la maji alilokuwa akilitengeneza, ikija mara mbili mbili kwa mwangwi. Mkuu alijitambulisha na kumwamuru afunge kundi. "Shikamoo Mkuu," akasema Cheche. "Nikifunga, wenzangu wataniuliza nimefunga kwa ruhusa ya nani. Wao watatu, mimi mmoja. Labda uwaulize kwanza." Wa pili alikuwa juu ya paa na mtandao haukukamata. Wa tatu aliuliza, kwa heshima zote, Mkuu amejuaje kwamba makundi yana madhara, na sijui hadi leo neno lile lilimfikiaje haraka hivyo. Mkuu alirudisha simu mezani. Kikao kiliahirishwa mpaka tarehe itakayotangazwa, na bado tunaisubiri.

Kesho yake mwalimu alikuja ofisini kwangu na mkasi. Nilijua nimestahili, ila sikujua ni kwa namna gani. Alikata habari vipande vinne, akaniwekea kimoja mezani na kuniambia kwamba limeanzishwa kundi la thelathini na mbili, la wafanyakazi, na wenzangu ni mtunza stoo, dereva wa chuo na mkutubi. Nikasema nina kazi nyingi. Akasema anajua, amesoma barua yangu, inaonyesha mtu aliyesoma kwa haraka. Nikakichukua kipande.

Kundi hilo lina mengi ambayo hayaandikiki kwenye jarida la heshima. Dereva hueleza aya zake zote kama anaelekeza njia, na ukichelewa kuelewa anakuuliza kama umepita kona. Mtunza stoo, aliyeacha shule mapema na hakuwahi kufanya mtihani wangu wowote, ndiye msomaji bora kati yetu wanne, kwa sababu amezoea kukagua kila kitu kabla ya kutia saini. Mkutubi hutuma ujumbe wa sauti kwa kunong'ona, hata akiwa nyumbani kwake.

Wala asije mtu akadhani mwalimu mwenyewe hakosei. Simu na yeye wameoneana haya kwa miaka minane. Siku moja alirekodi ujumbe mrefu wa kumsuta mdogo wake wa kike kuhusu sare za harusi zilizoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, akabonyeza pasipostahili, na dakika saba za ukali ule zikatua kwenye kundi la tano. Kufuta alishindwa. Mtu mwingine angezima simu na kuhama mji. Yeye aliandika maswali matano kwa Kiingereza na kuyatuma pale pale: Msemaji amekasirishwa na nini? Nani alichukua vipimo? Umejuaje? Kundi la tano lilipata tano kwa tano, mara ya kwanza na ya mwisho, na mdogo wake alipopata habari alidai aonyeshwe majibu.

Ukuta wa chumba namba tisa umebaki mweupe kwa sababu yake pia. Chuo kilitaka kuchora pale methali ya kidole kimoja kutovunja chawa, ili kusifia makundi yalipoanza kuleta matokeo. Aliikataa rangi mlangoni. Hapa hatuvunji chawa, alisema, tunasoma, na mafundi rangi wakaenda kuichora kwenye zahanati.

Ndiyo, matokeo yalikuja. Mimi ni mtu wa mitihani, siwezi kupiga chuku hata katika sherehe. Kutoka hamsini na mmoja, mwaka wa tatu wa makundi walifaulu tisini na sita, na mwaka jana mia moja na watano. Siapi kwamba ni makundi peke yake. Maktaba ilipata viti, na karatasi za miaka mingine zilikuwa laini kidogo. Lakini idadi hizo nimezihesabu kwa mkono wangu. Waliobaki mwaka jana ni kumi na tisa, na ukifungua mlango wa kabati lake utakuta majina yao yamebandikwa kwa ndani, na mbele ya kila jina namba ya simu. Sisi tulisherehekea mia moja na watano. Yeye alikula keki kidogo, akaenda kuwapigia kumi na tisa.

Binti mwenye kioo kilichopasuka siku hizi ni mwalimu wa ushonaji hapa hapa, mlango wa tatu kutoka kwangu. Ananisalimia vizuri, kitu ambacho sikukitegemea. Ile sentensi yangu nilimsomea mwenyewe siku alipoajiriwa, nikamwomba radhi ana kwa ana. Alivuta utepe wake shingoni, akaniambia, "Mwalimu, mimi nilishakusamehe kwenye aya ya kwanza. Wewe ndiye ulichelewa kufika ya mwisho."

Ninayaandika haya kwa sababu wiki mbili zilizopita limekuja agizo jipya, kutoka ofisi mpya ya mkuu wa chuo. Linasema mwalimu akishastaafu, makundi yote yafungwe Ijumaa saa kumi, na kila mwanafunzi atasomea kwenye programu iliyonunuliwa, akiwa peke yake, akibonyeza herufi A, B au C. Programu nimeijaribu. Inakuambia umekosa, inakuonyesha uso ulionuna, inakupeleka swali linalofuata. Haiulizi ulifikaje pale. Kwa programu hiyo, binti wa glavu angekuwa sifuri kwenye swali la sita, na hadithi yake ingeishia kwenye nukta.

Mwalimu aliombwa atume ujumbe wa kuaga kwenye makundi na kuwaarifu kwamba zoezi limefika mwisho. Jumatatu asubuhi ujumbe ulikwenda. Ulikuwa ni habari mpya, aya nne, kuhusu mtambo wa kusafisha maji, na maswali kumi. Vipande safari hii havikukatwa na yeye. Vilikatwa na mwalimu wa ushonaji, kwa mkasi ule ule aliokabidhiwa, na naambiwa anakata sawasawa kuliko mwenyewe wa zamani.

Nami agizo lilifika mezani kwangu, kwa sababu linahitaji saini ya ofisa mitihani. Nimelisoma lote, mpaka chini ya mhuri. Aya ya pili inasema makundi "yamethibitika kushusha kiwango cha usomaji". Pembeni ya aya hiyo, kwa wino wangu mwekundu, nimeandika neno moja: Mmejuaje? Nikaambatisha matokeo ya miaka minane na kulirudisha bila saini. Nimedokezwa kwamba mtu mwenye ukaidi huu anaweza kujikuta amehamishiwa stoo. Nimemuuliza mtunza stoo, amesema nafasi ipo, ila kuna usaili wa kusoma.

Kwa hiyo, dada yetu, Ijumaa rudisha ufunguo wa chumba namba tisa na uondoke kichwa juu. Asante kwa miaka yote, pamoja na ule ulioliwa na vikao. Asante kwa niaba ya wote walioona mwisho wa aya, na kwa niaba ya kumi na tisa ambao bado wanautafuta. Mumeo, shemeji yetu fundi viatu, ambaye kuanzia Jumamosi ataulizwa swali lako asubuhi, mchana na jioni, tunampa pole na tunamkaribisha kwenye kundi akizidiwa. Tunakuombea siku njema, afya, na simu inayokutii.

Kuhusu makundi usiwe na wasiwasi. Wanafunzi thelathini na mmoja walio maadmini wameshaulizwa na ofisi mpya, na wote wamejibu kwamba wanasubiri kauli ya kundi la wafanyakazi, kundi la thelathini na mbili. Kundi hilo halifungwi. Ukiuliza nimejuaje, ni kwa sababu tangu Jumamosi ile ya kwanza, nilipopata nne kwa kumi na wenzangu wote wakaandikiwa nne, admini wake ni mimi.